Mvua ya Kyela isimfungie mgonjwa peke yake

Mama mmoja wa Ipinda aliwahi kuniuliza swali ambalo sijalisahau. Mwanawe wa miaka saba ana selimundu, ugonjwa ambao wengi tunauita sikoseli. Kila akilowa au kupigwa na baridi, maumivu ya mifupa humwamka. Kwa hiyo mvua ikianza, mama humfungia ndani na kumpa simu. "Sasa hachezi, hali vizuri, usiku halali, na nikimnyang'anya simu analia kama amefiwa," alisema. "Nifanye nini mpaka Mei?"

Jibu la haraka la mtu wa afya lipo: mtoto avae nguo za joto, anywe maji mengi, alale ndani ya chandarua, asikose dawa wala kliniki. Jibu hilo ni sahihi, ila ni nusu ya jibu. Mama hakuuliza namna ya kumlinda mtoto na mvua, maana hilo analijua. Aliuliza mtoto aliyefungiwa ndani ataishije.

Wewe unayeishi Kyela, Ipinda, Ngonga au Matema unajua kwa nini swali hilo ni zito. Mwambao huu wa kaskazini mwa Ziwa Nyasa ni kati ya sehemu zinazopata mvua nyingi zaidi nchini, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Machi na Aprili mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hujaa, njia hukatika, na watu hukaa ndani siku baada ya siku. Mwenye nguvu hujifunika mfuko wa nailoni akaenda kwenye mpunga. Wanaobaki nyumbani ni mtoto mgonjwa, bibi mwenye kiharusi, babu mwenye presha na mama aliyejifungua juzi.

Siku hizo tumezoea kuzihesabu kama siku za kungoja. Tunangoja mvua ikatike ndipo maisha yaendelee. Maoni yangu ni kwamba kungoja huko kunatugharimu afya, na dawa yake iko ndani ya nyumba zetu: bao, hadithi, vitendawili, nyimbo na kazi za mikono. Vitu hivi si vya kupitishia muda tu. Kwa mgonjwa na kwa mtoto, ni sehemu ya matunzo.

Wazee walikuwa na neno lake

Wanyakyusa wana neno ukwangala. Maana yake ni kukaa na wenzako kwa furaha, mkila, mkizungumza, mkicheka na kufunzana. Mtaalamu wa mila Monica Wilson, aliyeishi na kufanya utafiti katika nchi ya Wanyakyusa miaka ya 1930, aliona neno hilo lina uzito mkubwa kiasi kwamba kitabu chake cha mwaka 1951 alikiita Good Company, yaani ushirika mwema. Kwa wazee wale, mtu asiyekaa na wenzake hakuhesabiwa kuwa mzima sawasawa, hata kama mwili wake ulikuwa na nguvu.

Leo sayansi inakaribia mahali walipokuwa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, ofisi ya Ulaya, lilitoa ripoti iliyopitia tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya. Ilionyesha kwamba kuimba, kucheza ngoma, kusimulia na kazi za mikono vina nafasi katika kuzuia maradhi, kumsaidia mgonjwa na kukuza watoto. Mwaka huohuo watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu zaidi ya 6,000 wenye umri wa miaka 50 na kuendelea, kwa muda wa miaka 14. Waliokuwa wakienda kwenye makumbusho, maonyesho, michezo ya kuigiza au muziki kila baada ya miezi michache walikuwa na uwezekano mdogo wa kufa katika kipindi hicho, kwa asilimia 31, kuliko wasiokwenda kabisa.

Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba maonyesho ndiyo yaliyorefusha maisha. Watafiti walizingatia kipato na hali ya afya, lakini huenda bado kuna sababu nyingine. Hata hivyo unatupa sababu ya kuacha kuudharau mkao wa pamoja.

Mtu wa Dar es Salaam anaweza kumpeleka mwanawe Makumbusho ya Taifa siku ya mvua, akaone fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959, wakarudi nyumbani wana la kuzungumza wiki nzima. Kama unaishi huko, fanya hivyo. Kyela hatuna jengo kama hilo. Tuna bibi, tuna mkeka, na tuna mvua ya kutosha.

Simu si adui, ila si mlezi

Mzazi mwenzangu, sikulaumu kwa kumpa mtoto simu. Una mpunga wa kupandikiza, una kuni mbichi zinazokataa kuwaka, na mtoto analia. Ila ujue mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019: mtoto chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya skrini, na mwenye miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Mwongozo huohuo unasema mtoto anapokuwa ametulia, linalomfaa ni kusomewa na kusimuliwa hadithi na mlezi wake. Kwa maneno mengine, bibi na hadithi zake wametajwa katika mwongozo wa dunia.

Mtoto wa miaka mitatu au minne anahitaji saa tatu za kujishughulisha kwa siku, zikigawanywa. Wa miaka mitano hadi 17 anahitaji kama saa moja ya kutoka jasho. Mvua haiwaondolei hitaji hilo. Ngoma ya sebuleni, viti vikisogezwa ukutani, inatosha. Mwenye selimundu naye acheze, lakini kwa kiasi chake: apumzike anapochoka, anywe maji kabla na baada, asiachwe na jasho likimkaukia kwenye baridi.

Na simu ipewe kazi. Mwambie mtoto amrekodi bibi akisimulia jinsi walivyovuka mto kabla ya daraja. Siku bibi asipokuwepo, utanishukuru.

Ipange siku kama unavyopanga dozi

Sote tunajua mvua ya Kyela ikipiga bati, hata kusikilizana ni kazi. Wakati huo si wa hadithi, ni wa mikono. Toeni bao. Mashimo 32 na kete 64 ni hesabu nzuri kwa mtoto aliyekosa shule. Kwa mtu aliyepata kiharusi, kuokota kete moja moja kwa mkono uliolegea ni zoezi jema, mradi mtaalamu wa mazoezi ya viungo amelikubali. Asiharakishwe wala asichekwe. Hakuna bao? Chora drafti kwenye boksi, tumia vifuniko vya soda. Kuna mdako, ambao kwa vijiwe kumi tu hunoa macho na vidole. Kuna kusuka ukili. Kuna ufinyanzi, ambao akina mama Wakisi wa Ikombe wameufanya kwa vizazi, na vyungu vyao huletwa kwa mitumbwi mnadani Lyulilo, jirani na Matema. Mpe mtoto donge la udongo uone kama ataulizia simu.

Mvua ikipungua na kubaki manyunyu, ndipo useme "Hadithi, hadithi!" au "Kitendawili!" Usiishie kwenye vile mlivyovizoea. Waache watoto watunge vyao: "Anagonga bati usiku kucha, mlango haingii." Ni mvua. Mtoto anayetunga kitendawili anafikiri, na mgonjwa anayekitegua anasahau maumivu kwa dakika kadhaa. Dakika hizo zina thamani. Maumivu ya muda mrefu huzidi pale mtu anapokosa kitu kingine cha kuwaza.

Kwa mzee anayepoteza kumbukumbu, anza na wimbo wa ujana wake au wa kwaya ya kanisani kwake. Wengi wasiokumbuka walichokula asubuhi bado wanaimba ubeti hadi mwisho. Muimbe naye, usimfanyie mtihani wa majina ya wajukuu.

Nusu saa kwa siku inatosha kuanzia. Iwe na wakati wake, baada ya chakula cha mchana au kabla ya kulala, ili mgonjwa awe na kitu cha kutazamia.

Tusiurudishe ukwangala na kasoro zake

Najua wapo watakaosema, "Daktari, bao haliponyi malaria." Ni kweli kabisa. Mtoto mwenye homa apelekwe akapimwe siku hiyohiyo. Anayepumua kwa kasi, asiyeweza kunywa au kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege au kulegea hangoji mvua ikatike. Mwenye selimundu mwenye homa, maumivu makali, kifua kubana au weupe wa viganja naye ni hivyohivyo. Kabla masika hayajakolea, panga njia ya kufika kituo cha afya na uweke akiba ya nauli.

Kukaa ndani nako kuna hatari zake. Usiingize jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa ili watu waote moto. Mkaa hutoa gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Moshi wa kuni nao huchangia homa ya mapafu kwa watoto. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Fungua dirisha upande usiopigwa na mvua. Mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi akapimwe kifua kikuu. Jioni mbu wanapoanza, hadithi ihamie ndani ya chandarua. Na maji ya kunywa yachemshwe, hasa visima vinapofurika.

Kuna kasoro nyingine, nayo hatuisemi. Ukwangala wa zamani ulikuwa zaidi wa wanaume wa rika moja. Mama alikuwa jikoni, mgonjwa alikuwa chumbani. Hata leo, siku ya mvua baba yuko kilabuni na wenzake, anacheka, na akirudi anashangaa kwa nini mkewe ana hasira na mtoto amenuna. Baba, ushirika mwema unaoishia kilabuni unaondoka nyumbani kwako ukiwa kwenye mfuko wako. Bao lihamie barazani, na mama apate zamu ya kukaa wakati wewe unaangalia chungu. Mama aliyejifungua karibuni anahitaji mkao huu kuliko wengi. Akiwa analia bila sababu, hataki kumshika mtoto au anazungumzia kufa, huo ni ugonjwa. Apelekwe kituo cha afya.

Nina ombi pia kwa viongozi wetu. Kyela haina ukumbi wa maonyesho, lakini kila kata ina makanisa, madarasa na ofisi ambazo mchana wa mvua hukaa tupu. Zifunguliwe mara moja kwa wiki, wazee waje kusimulia na watoto waje kusikiliza. Wanaolala wodini nao wasisahauliwe. Ukienda kumtazama mgonjwa, mwombe muuguzi ruhusa, uende na bao au kitabu cha hadithi pamoja na uji. Usiende kusimama miguuni pa kitanda na kutikisa kichwa kwa huruma.

Kwa yule mama wa Ipinda, nilimwambia amtafutie mwanawe mtu kabla ya kumtafutia mchezo. Ng'ambo ya uwanja wao anaishi mzee mjane ambaye miguu imevimba na hatoki. Nilimshauri mzee aletwe mchana, na mtoto awe mwanafunzi wake wa bao.

Aliporudi kliniki baada ya masika, mtoto alikuwa amelazwa mara moja kwa maumivu. Selimundu haikuondoka. Lakini alikuwa akila, usiku alikuwa akilala, na alinitaka niwe na bao kliniki kwa sababu mzee yule hamshindi tena.

Mvua itanyesha hata mwaka huu. Kabla hujafunga mlango, angalia ni nani amebaki ndani, na kama kuna mtu wa kukaa naye.