Nani anasimamia kliniki yako ya kila mwezi?

Kama unaishi Mlandege, ndani ya Manispaa ya Iringa, huduma ya afya haiko mbali nawe. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ipo mjini, Hospitali ya Frelimo ipo ndani ya manispaa, na ukipanda gari kwa muda mfupi unafika Tosamaganga. Kwa mtu mwenye homa au jeraha, hiyo ni bahati. Lakini kwa mwenye presha, kisukari, kifafa, sikoseli au maambukizi ya VVU, ukaribu wa jengo ni nusu tu ya safari. Yeye haendi mara moja akapona. Anarudi mwezi huu, mwezi ujao na mwaka kesho.

Mgonjwa wa namna hii, au mzazi mwenye mtoto wa namna hii, anahitaji zaidi ya daktari mzuri. Anahitaji mtu anayejua kuiendesha kliniki yenyewe: rejista, tarehe za kurudi, oda ya dawa na ufuatiliaji wa asiyefika. Kazi hiyo ni taaluma, na mtu hufundishwa. Wiki hii tuangalie kwa nini mafunzo hayo ni jambo linalokuhusu wewe, si maofisa wa afya peke yao.

Kilichobadilika

Januari 20, 2025, Rais wa Marekani, Donald Trump, alisaini amri ya kusitisha kwa siku 90 misaada ya nchi yake kwa mataifa mengine. Kwa Nyanda za Juu Kusini habari hiyo ilikuwa nzito kuliko kwingine. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya UKIMWI wa mwaka 2022/23 ulionyesha kuwa maambukizi ya VVU kwa watu wa miaka 15 na zaidi ni asilimia 4.4 nchi nzima. Njombe ni asilimia 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6. Mikoa hii mitatu ndiyo yenye viwango vya juu zaidi vya maambukizi nchini, na wagonjwa wake wanategemea kliniki za CTC.

Watu wengi walidhani hatari ni dawa kuisha. Dawa ni sehemu moja. Tangu matibabu ya ARV yaanze kutolewa bure nchini mwaka 2004, fedha za wafadhili zimelipa pia watu ambao mgonjwa hawaoni kama "matabibu": karani wa takwimu anayeingiza kumbukumbu, mwelimishaji rika anayempigia simu aliyekosa tarehe, mshauri anayekaa na kijana aliyechoka kumeza vidonge. Hao ndio waliokuwa usimamizi wa kliniki. Wengi walikuwa kwenye mikataba ya miradi, na mradi ukisimama, mkataba nao unasimama.

Anayebaki ni muuguzi au tabibu mwajiriwa wa halmashauri. Anajua kutibu. Je, alifundishwa kuendesha?

Hesabu inayoumiza

Tuseme kituo kina wagonjwa 200 wa presha, kila mmoja anameza kidonge kimoja kwa siku. Kwa siku 30 wanahitaji vidonge 6,000. Sasa tuseme dawa ziliisha katikati ya mwezi, zikatolewa 3,000 tu. Msimamizi asiye na mafunzo anaangalia daftari, anaona "mwezi uliopita tulitumia 3,000", anaagiza 3,000 kutoka Bohari ya Dawa (MSD). Mwezi unaofuata dawa zinaisha tena katikati. Hakuna aliyeiba, na kosa si la bohari. Kilichokosekana ni mtu aliyefundishwa kwamba siku za kukosa dawa lazima ziingizwe kwenye hesabu ya oda.

Wewe mgonjwa unachokiona ni maneno matatu dirishani: "Dawa hii hakuna." Unanunua duka la dawa kama una pesa. Kama huna, unasubiri, na presha haisubiri.

Mfano wa pili ni wa mtoto. Dozi ya dawa nyingi za watoto, zikiwamo ARV na za kifafa, hupangwa kwa uzito. Mtoto anakua. Kliniki isiyompima uzito kila anapokuja inaweza kumwacha kwenye dozi ya mwaka jana, na wewe mzazi ukalaumiwa kwamba humpi dawa ipasavyo.

Usimamizi huokoa maisha

Tanzania ina ushahidi wake. Mwishoni mwa miaka ya 1990, mradi wa TEHIP ulifanya kazi na timu za afya za wilaya mbili, Rufiji na Morogoro Vijijini. Ulizipa nyongeza ndogo ya fedha na, kubwa zaidi, zana na mafunzo ya kulinganisha bajeti na magonjwa yanayoua watu wao. Morogoro iligundulika kwamba malaria ilichangia takriban asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, huku ikitengewa asilimia 5 tu ya bajeti. Walirekebisha. Katika miaka iliyofuata vifo vya watoto wa chini ya miaka 5 kwenye wilaya hizo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Mafunzo hayakufanya kazi peke yake. Dawa na vyandarua vilikuwepo. Lakini vilifika palipotakiwa kwa sababu kuna watu walijifunza kupanga.

Angalia pia huduma ya VVU yenyewe. Utafiti ule wa 2022/23 ulionyesha kuwa miongoni mwa watu wazima waliojua wana maambukizi, asilimia 97.9 walikuwa kwenye dawa, na kati ya hao asilimia 94.3 virusi vyao vilikuwa vimefubazwa. Hayo ni matunda ya kadi, faili, tarehe na simu ya kumtafuta aliyepotea. Ugonjwa wa presha haujawahi kupata mpangilio wa aina hiyo, ingawa utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takriban mtu 1 kati ya 4 wa umri wa miaka 25 hadi 64 ana presha ya juu. Badala ya kuacha mfumo wa CTC ufifie, ilipaswa tuwe tunauhamishia kwenye kliniki za presha na kisukari.

Mafunzo ya namna gani?

Vyuo havikosekani. Hapa Iringa kipo Chuo cha Afya ya Msingi (PHCI), na Arusha ipo CEDHA. Vyote vimekuwa vikiwanoa viongozi wa afya. Tatizo ni nani anafikiwa, na kwa namna gani.

Tangu mwaka wa fedha 2017/18 Serikali inapeleka fedha moja kwa moja kwenye zahanati na vituo vya afya. Ni hatua nzuri, lakini imemfanya mganga mfawidhi awe pia mhasibu, mnunuzi na mpangaji. Semina ya siku tatu hotelini, yenye posho na cheti, haimwandai kwa hayo. Kinachosaidia ni mkufunzi anayekuja kituoni, anafungua rejista pamoja naye, anapiga hesabu ya oda pamoja naye, na anarudi baada ya mwezi kuona kama imefanyika.

Jambo la pili: mafunzo ya mtu mmoja huondoka naye akihamishwa. Kila kituo kifundishe angalau wawili, na makabidhiano yafanyike kwa maandishi.

La tatu ni wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Januari 31, 2024 Serikali ilizindua mpango wa kuwapata wahudumu 137,294 ndani ya miaka 5, wanaopewa mafunzo ya miezi 6 kabla ya kuanza kazi mitaani na vitongojini. Hao wanaweza kuziba pengo la waelimishaji rika walioondoka. Lakini mhudumu hufanya kazi chini ya kituo. Kama msimamizi wa kituo hana orodha ya waliokosa tarehe, atamtuma mhudumu kwa nani?

Wewe ufanye nini?

Huwezi kuandaa mafunzo, ila unaweza kutambua kliniki inayosimamiwa na isiyosimamiwa. Jiulize haya:

1. Je, kadi yangu ina tarehe ya kurudi, na kituo kina namba yangu ya simu inayopatikana? Ukibadilisha laini, watangulie kujua.

2. Nikikosa tarehe, kuna anayenitafuta?

3. Je, kipimo changu cha presha au sukari huandikwa kwenye kadi kila nikija, au naambiwa tu "uko sawa"?

4. Mtoto wangu hupimwa uzito kabla ya kuandikiwa dawa?

5. Nikihama, napewa barua ya uhamisho yenye majina ya dawa na dozi?

Ukiambiwa dawa hakuna, usiondoke hivi hivi. Omba za siku chache kama zipo, uliza kama kuna mbadala na lini urudi. Usipunguze dozi ili zikutoshe, usiazime za jirani, na usiache dawa za kifafa au insulini ghafla. Kufanya hivyo kunaweza kukuua haraka kuliko ugonjwa wenyewe.

Kisha peleka hoja panapohusika. Kila kituo cha umma kina kamati ya usimamizi yenye wajumbe kutoka kwa wananchi, na wajumbe hao hushuhudia dawa zinapopokelewa. Muulize mwenyekiti wa mtaa wako jina la mjumbe wenu. Mwombe aulize mambo mawili kwenye kikao: wagonjwa wangapi wa muda mrefu hawakufika mwezi uliopita, na nani kituoni amefundishwa kupiga hesabu ya oda ya dawa. Kituo kinachoweza kujibu maswali hayo papo hapo kina msimamizi. Kinachosema "tutaangalia" kinahitaji msaada, na halmashauri iambiwe.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023 itasaidia kulipa bili. Lakini bima hailipi kidonge ambacho hakikuagizwa, wala haimtafuti mgonjwa ambaye hakuna aliyegundua kuwa hajarudi.