Tuuchunguze na Mlango Anaoingia Yaya



Kila mwaka, watoto wa darasa la saba wakishamaliza mtihani wao mwezi wa Septemba, simu za mapadre, makatekista na viongozi wa WAWATA wa sehemu zetu huanza kulia. Anayepiga ni ndugu aliyeko Songea, Mbeya au Dar es Salaam, na mara nyingi ni mwana wa parokia hii hii aliyesoma akapata kazi. Baada ya salamu na habari za mvua huja ombi lenyewe: "Baba, tutafutie binti wa kukaa na mtoto. Awe mpole, mcha Mungu, na asiwe mtu wa simu simu." Nasi tuliozoea kusaidia huitikia. Tumekwisha kuandika barua za namna hiyo, tukausifu unyenyekevu wa binti na ukoo wake, wala hatukumwuliza mwombaji hata swali moja juu ya nyumba yake.

Siku hizi wapo wasiohitaji hata kumpigia padre. Mama wa mjini hufungua simu akaingia katika tovuti, au kundi la Facebook au WhatsApp, akakuta picha za mabinti zimepangwa, na chini ya kila picha umri, dini, kabila, na kama anajua kupika. Hutuma fedha ya dalali na nauli, na baada ya siku mbili binti hushuka stendi. Picha nyingine zimepigwa huku kwetu, Liparamba, Tingi au Mbamba Bay, na shangazi au jirani aliyeahidiwa shilingi chache. Dalali mwenyewe pengine hajapata kuuona Mto Ruvuma.

Tusiharakishe kuwalaumu akina mama hao. Sheria humpa mama aliyejifungua likizo ya siku 84, kisha mwalimu hurudi darasani na muuguzi wodini, ilhali bibi wa mtoto yuko kijijini akipalilia mahindi. Hofu yao nayo ina sababu. Mwaka 2014 dunia nzima iliona picha za yaya mmoja wa Kampala akimpiga na kumkanyaga mtoto aliyekabidhiwa kumlea. Alihukumiwa kifungo cha miaka 4. Baada ya hapo wazazi wengi walianza kuficha kamera ukutani, na kudai kitambulisho cha NIDA, barua ya serikali ya mtaa na majina ya wadhamini. Kumwamini mtu na mtoto mchanga si jambo dogo, na sisi twaona madai hayo ni ya haki.

Tena wasitegemee mno tovuti. Nchini Marekani, mwaka 2019 gazeti la Wall Street Journal lilifichua kwamba kampuni ya Care.com, iliyokuwa mashuhuri kwa kuwaunganisha wazazi na walezi, haikuwachunguza wote kwa ukamilifu, na walikuwamo wenye kumbukumbu za polisi. Ikiwa ndivyo ilivyokuwa mahali penye kumbukumbu za kila mahakama, tutarajie nini kwa kundi la WhatsApp ambalo mkuu wake anajulikana kwa namba ya simu tu?

Lakini lililotufanya tuandike ni jingine. Katika uchunguzi wote huo, anayechunguzwa ni mmoja. Mwajiri huuliza juu ya binti mpaka ukoo wa babu yake. Mama wa binti hajui alalapo mwanawe, kama ni chumbani au sakafuni jikoni. Hajui ni wanaume wangapi wamo nyumbani, saa ngapi kazi hukoma, wala kama Jumapili ataruhusiwa kwenda Misa. Amepewa jina moja, "Mama Fulani", na namba ambayo siku yoyote yaweza kuzimwa.

Binti wa kigango kimoja cha jirani aliondoka hivyo, akiwa na miaka 15. Simu aliyopewa awasiliane nayo kwao ilikuwa ya mwajiri, na kila alipozungumza, mwajiri alikaa kando akisikiliza. Mama yake alituambia: "Baba, alikuwa akisema yuko salama, lakini sauti haikuwa yake." Alirudi baada ya miezi 7 kwa nauli aliyochangiwa na abiria wenzake. Hatutaeleza mengine aliyotusimulia, kwani ni yake.

Njia hii ya picha na bei hufika mbali kuliko tudhanivyo. Mwaka 2019 waandishi wa BBC waligundua kwamba nchini Kuwait watumishi wa nyumbani walikuwa wakinadiwa katika Instagram na katika programu ya simu iitwayo 4Sale, mwajiri mmoja akimwuzia mwingine mtu pamoja na haki ya kumshikia pasipoti. Mmoja wao alikuwa binti wa miaka 16 kutoka Guinea. Hatusemi kwamba kila kundi la hapa nchini ni soko kama lile. Twasema kwamba mtu akishawekwa katika picha yenye bei, bila mtu wake wa kumwulizia, njia ya kufika kule imekwisha kufunguliwa.

Kanisa lina mtakatifu aliyekuwa yaya, na ni ajabu kwamba hatumtaji kwa cheo hicho. Mtakatifu Yosefina Bakhita, aliyeuzwa mara nyingi huko Sudani, alipofika Italia kazi yake ilikuwa kumlea mtoto wa kike wa familia ya Michieli. Makovu yake yalitoka kwa mabwana wa awali. Kwa Michieli alitunzwa, ila hakuulizwa anataka nini. Mama mwenye nyumba alipotaka kurudi naye Afrika, Bakhita alikataa, na tarehe 29 Novemba 1889 ikaamuliwa huko Venezia kwamba alikuwa mtu huru. Tangu mwaka 2015 sikukuu yake, tarehe 8 Februari, ni siku ya sala dhidi ya biashara haramu ya binadamu. Waajiri wengi hujitetea kwamba binti wao anakula vizuri na anavaa. Bakhita naye alikula na kuvaa.

Sheria za nchi, ambazo viongozi wa walei hawana budi kuzijua, zasema wazi. Mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, lakini kazi inayozidi saa 6 kwa siku yahesabiwa ni unyonyaji, na kazi ya usiku, tangu saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, imekatazwa kwa mtoto. Basi tujiulize: mtoto mchanga huamka saa ngapi? Yaya wa kulala ndani, anayeamka usiku kubembeleza, kwa sheria hawezi kuwa binti wa miaka 15. Kitambulisho cha NIDA nacho hutolewa kwa aliyetimiza miaka 18, hivyo mwajiri anayekidai kwa dhati amewalinda wote wawili. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi, na mapumziko ya saa 24 kila juma. Kuhusu ujira, agizo lililoanza tarehe 1 Januari 2023 lilipanga shilingi 60,000 kwa mwezi kuwa kima cha chini cha mtumishi aishiye kwa mwajiri wa kawaida. Kilikuwa kidogo, na wapo wasiokifikia hata hicho.

Wazazi hutujibu: "Baba, nyumbani kuna njaa." Hatuna jibu jepesi. Ada ya sekondari hadi kidato cha nne iliondolewa mwaka 2016, lakini sare, daftari na chakula havikuondolewa, na shule iko mbali. Hatumzuii binti aliyetimiza miaka 18 kwenda kutafuta riziki kwa kazi halali. Ulezi wa mtoto ni kazi ya heshima, tena ngumu kuliko nyingi za ofisini.

Ila kuna jambo ambalo hakuna tovuti iwezayo kulifanya, na sisi twaliweza. Katika Kimara, Mbagala, Mjimwema na kila pembe ya nchi kuna jumuiya ndogondogo, na mwenyekiti wa jumuiya aweza kubisha hodi. Kwa hiyo Tume yetu ya Haki na Amani imekubaliana hivi: hatutaandika tena barua ya kumsifu binti kabla paroko wa mwajiri, au jumuiya yake, hajatuandikia juu ya nyumba ile. Anayekataa kutembelewa na jumuiya yake amekwisha kutujibu. Masharti yaandikwe, nakala ibaki parokiani. Ujira uingie katika namba ya binti mwenyewe. Nauli ya kurudi iwekwe kwa katibu wa Tume kabla hajapanda basi, na apewe namba ya mtu mwingine wa mji ule asiyekuwa mwajiri. Wote wafundishwe pia namba 116, ya msaada kwa watoto, isiyotozwa malipo.

Watasema Kanisa limegeuka dalali. Na waseme; hatutapokea hata senti moja, na dalali wa bure si wa kumwogopa sana. Hofu yetu zaidi ni uvivu wetu wenyewe, maana kuandika barua ya sifa ni rahisi, na kufuatilia ni kazi.

Daftari limefunguliwa, nalo liko kwa katibu wa Tume. Wenye mabinti waliokwisha ondoka waje waandike majina yao, mji walioko, na namba ya mwisho waliyozungumza nao, hata kama imezimwa. Jina la kwanza ni la yule binti aliyerudi. Ujira wake wa miezi 7 haujalipwa. Mwajiri ni Mkatoliki, parokia yake twaijua, na barua kwa paroko wake imeondoka juma lililopita.