Usihesabu Sekunde, Itazame Sakafu

Na Mwanaidi Shomari

Mtoto akidondosha andazi siku hizi utamsikia akihesabu: moja, mbili, tatu... Kaambiwa na wenzake kwamba kabla ya sekunde tano vijidudu havijawahi kupanda. Watu wazima nao huamini hivyo, hasa andazi likiwa la mwisho.

Huko Marekani, Donald Schaffner na Robyn Miranda wa Chuo Kikuu cha Rutgers waliichunguza imani hii, majibu yakachapishwa mwaka 2016. Waliangusha tikiti maji, mkate mkavu, mkate wa siagi na peremende laini juu ya chuma, vigae, mbao na zulia vilivyopakwa bakteria. Tikiti ndilo lililozoa kuliko vyote, tena bila kungoja hata sekunde moja itimie. Ni kweli chakula kikikaa chini zaidi huzoa zaidi, lakini umajimaji wake una nguvu kuliko saa. Na zulia, ambalo wengi tungeliogopa, liligawa bakteria wachache kuliko vigae.

Basi cha kuuliza ni kimeanguka nini, na wapi. Kwetu pwani viatu huvuliwa mlangoni, na ndara za chooni hazikanyagi ukumbini. Kipande cha chapati kavu kikianguka kwenye sakafu ya namna hiyo, mimi nakipuliza na kukila, wala sioni haya. (Kupuliza hakuui kitu, ni kuistahi chapati tu.)

Ila sakafu inayong'aa isikuhadae. Tazama deki inavyopigwa katika nyumba nyingi: ndoo moja, tambara moja, linaanzia jikoni alikoandaliwa kuku, linapita ukumbini, maji yanageuka rangi ya chai na bado linakamuliwa humo humo. Nyumba inameremeta, kumbe uchafu wa jikoni umegawiwa kila chumba. Na hauondoki upesi: watafiti wa Chuo Kikuu cha Clemson walikuta salmonela hai kwenye sakafu kavu wiki nne baada ya kuwekwa.

Waislamu tumefunzwa kwamba tonge likianguka liondolewe uchafu, liliwe, asiachiwe shetani. Wengi wamekariri kula, kuondoa uchafu wamekuruka. Chapati inafutika. Wali uliokwisha kulowa mchuzi wa nazi utaufuta vipi? Huo wape kuku.

Anayeokota chake akala simlaumu. Anayenikera ni muuzaji aliyedondosha kitumbua kando ya barabara, akaangaza kulia na kushoto, kisha akakirudisha kwenye sinia. Tumbo ni langu, na kukila au kukiacha kulikuwa juu yangu. Yeye kaniamulia, na shilingi mia mbili kanitoza.