Pampu ya Shawa za Nyumbani na Haki ya Jirani



Nyumba zetu za ghorofa hapa Mombasa aghalabu hukaliwa na ukoo mzima: wazee chini, watoto na wajukuu juu. Kabla ya alfajiri wote huhitaji maji kwa wakati mmoja, na aliye ghorofa ya juu hufungua shawa ikamdondokea matone. Mwenye josho la wajibu huiona saa ya sala ikimpita. Hapo huja shauri la pampu, na wengi huenda dukani wakaitaka iliyo kubwa. Lakini pampu hununuliwa kwa hesabu.

Kwanza tuhesabu shawa zitakazofunguliwa pamoja, si zote zilizomo nyumbani. Tukikadiria lita 8 kwa dakika kwa kila moja, shawa 3 zitataka lita 24. Kisha tupime kimo kutoka birika la chini hadi shawa ya juu kabisa. Tuseme ni mita 9. Tuongeze mita 10 ili maji yatoke kwa nguvu, na mita 5 hivi kwa nguvu inayopotea ndani ya mabomba. Jumla ni mita 24. Basi pampu ya nyumba hiyo ni ile itoayo lita 24 kwa dakika katika kimo cha mita 24, yote mawili kwa pamoja.

Hapa ndipo wengi hughurika. Kibati cha pampu huandikwa lita 40 na mita 40, mnunuzi akadhani atapata zote. Lita hizo ni za maji yasiyopandishwa, na katika mita hizo halitoki hata tone. Kadiri kimo kinavyozidi, lita hupungua. Mwambieni muuzaji awaonyeshe jedwali la pampu yenyewe. Na maji yakiwa ya kisima chenye chumvi, ulizieni iliyo na sehemu za ndani zisizoshika kutu.

Lililo zito zaidi ni mahali pampu inapovuta. Ivute kutoka birika letu, kamwe isifungwe kwenye bomba la mtaa. Ikivuta huko, huwanyima majirani fungu lao, na huweza kunyonya uchafu kupitia viungo vinavyovuja. Vipi mja ajitoharishe kwa maji yaliyomwacha jirani na ndoo tupu?

Tena tusisahau kiasi. Imesihi kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akioga kwa pishi moja ya maji hadi vibaba 5, na pishi ni karibu lita 3. Shawa yetu huimaliza kwa chini ya nusu dakika. Basi akina mama, wafunzeni watoto kufunga shawa wanapojisugua sabuni. Birika likidumu na maji, wa juu na wa chini wote wataiwahi alfajiri.

Wabillahi tawfiq.