Mkorogo na Chujio la Figo

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unazungumzia jambo ambalo wengi huliona kuwa ni la urembo tu, kumbe linafika hadi kwenye figo. Ni krimu na sabuni za kujichubua, yaani mkorogo. Msimamo wetu tuuseme mapema: mkorogo wenye zebaki haufai kuwemo katika nyumba ya mtu yeyote, na anayeuuza anauza sumu, hata kama mwenyewe hajui.

Kwanza tuielewe figo. Kila figo ina vichujio vidogo sana vipatavyo milioni moja. Kwa siku moja figo zetu mbili huchuja kiasi cha lita 180 za maji kutoka katika damu, kisha karibu yote hurudishwa mwilini. Mkojo ni lita moja au mbili tu zinazobaki. Kila mama anayechuja togwa anajua kwamba chujio likitoboka, machicha hupita. Katika figo, kitu kisichotakiwa kupita ni protini.

Kazi ya kuizuia protini hufanywa kwa sehemu kubwa na seli ziitwazo podositi. Seli hizi zina miguu mingi myembamba inayopishana kama vidole vya mikono miwili iliyofumbatana, nazo huukumbatia mshipa mdogo wa damu pande zote. Maji hupita katika nafasi ndogo zilizo kati ya vidole hivyo, protini hubaki. Ubaya ni kwamba seli hizi si kama ngozi ya kiganja inayoota tena baada ya kuchubuka. Mwili hauwezi kuzirudisha kwa urahisi. Zikifa nyingi, hubaki kovu, na kovu halichuji kitu.

Sasa, adui wa podositi ni nani? Mara nyingi si kijidudu, bali ni askari wa mwili wenyewe. Kinga ya mwili, ambayo Mungu ametupa itulinde, huchokozwa na kitu fulani ikakosea shabaha. Kingamwili hujibandika penye seli za chujio, vile vidole husinyaa na kuachana, na protini huanza kuvuja kwenye mkojo. Damu ikipungukiwa protini, na mwili ukaanza kulimbikiza chumvi na maji, maji hujaa chini ya ngozi. Ndipo mtu huamka asubuhi macho yamevimba, jioni viatu havivaliki, na mkojo wake unatoa povu kama la sabuni.

Zebaki ni mojawapo ya vitu vinavyoichokoza kinga hivyo. Hii si habari ya jana. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walitoa taarifa juu ya watu wazima 60 waliovimba kwa ugonjwa huu wa figo kuvujisha protini. Zaidi ya nusu yao walikuwa wakipaka krimu za kujichubua zenye zebaki, na wapo waliopata nafuu baada ya kuacha tu kupaka. Miaka 50 baadaye, madaktari wa Kerala, India, wameeleza habari ile ile: wagonjwa waliovimba, krimu za kung'arisha uso, na wengi wao kupona walipoziacha. Yaani somo tulipewa hapa hapa jirani, tukalisahau.

Tusieleweke vibaya. Si kila anayevimba amejipaka mkorogo. Watoto wadogo hupata ugonjwa huu bila kupaka chochote, na mwaka 2024 watafiti wa Ujerumani walionyesha kwamba wengi wa watoto hao wana kingamwili zinazoshambulia nefrini, protini inayoziba nafasi kati ya vidole vya podositi. Wengi hupona kwa vidonge vya predinisoloni, mradi mzazi asivikatize kwa sababu uvimbe umepungua. Lakini mtoto hakuuchagua ugonjwa wake. Mkorogo tunaununua kwa fedha yetu.

Na hapa tuseme ukweli, wazazi wenzetu wa Mbulu na Hanang. Binti halazimishwi na mwenye meza ya vipodozi mnadani. Analazimishwa na maneno yetu. Sisi ndio tunaosema sebuleni kwamba bibi harusi alipendeza kwa kuwa alitakata, na kwamba fulani angekuwa mzuri ila ni mweusi mno. Binti anasikia, anakwenda kutafuta kopo. (Vijana wa kiume nao wamo, tusiwasingizie akina mama peke yao.) Mama anayepaka akiwa mjamzito humpitishia mimba zebaki hiyo, na mtoto anayelala naye huivuta kutoka kwenye shuka na taulo.

Sheria ipo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata juu ya zebaki mwaka 2020, na mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kwamba vipodozi vyenye zebaki ya kuongezwa, hata kidogo, vikome ifikapo 2025. Ukaguzi wa vipodozi uko chini ya TBS tangu mwaka 2019. Lakini mkaguzi hawezi kufika kila gulio, na kopo nyingi hazisemi kilichomo. Zinazosema huandika maneno kama mercury, calomel au mercurio. Dalili nyingine ni onyo kwamba krimu isiguse pete ya dhahabu au fedha. Kitu kinachoharibu pete, ukipake usoni?

Ukiona uvimbe wa macho au miguu, usianze na maneno ya kurogwa wala kuzunguka na dawa za mizizi miezi mitatu. Nenda zahanati upimwe mkojo kwa kijiti, kipimo kile kile wanachofanyiwa wajawazito kliniki. Majibu hutoka kwa dakika chache. Protini ikionekana, utatumwa hospitali kubwa, iwe Haydom au Dareda, na ikibidi mbele zaidi, KCMC au Dodoma. Figo zikishakufa, hubaki kusafishwa damu kwa mashine, mara nyingi siku tatu kila wiki, mbali na nyumbani, au kupandikizwa figo ya ndugu.

Mweleze mganga kila unachojipaka, bila aibu, na umpelekee kopo lenyewe. Lililobaki nyumbani usilichome moto, maana zebaki hupanda na mvuke wake ukavutwa na watu wa nyumbani. Lifunge katika chombo chenye mfuniko, liweke mbali na watoto, kisha umuulize bwana afya wa kata lipelekwe wapi.