Ngome ya Mholanzi na Gereza la Kilwa

Jamani wanachama wenzangu, nimechoka kusikia kwamba Mwafrika akiingia jumba la sanaa la AGO, pale Dundas, aende moja kwa moja kwenye vinyago vya kwetu, asipoteze muda na "wazungu wale wa zamani". Mimi nasema katazameni wazungu hao, hasa Waholanzi wa karne ya 17.

Mmoja wao ni Jan van Goyen. Mwaka 1647 alichora ngome kando ya mto. Picha yenyewe iko Metropolitan, New York, na kwenye intaneti unaiona bure. Sisi wahandisi swali letu la kwanza ni: ngome hii iko wapi? Sasa huyu bwana alikuwa na tabia ya kuhamisha majengo! Lango la Pellecussen, karibu na Utrecht, alilichora mara kadhaa na kulipachika kwenye mandhari ya kujitungia. Kwa vipimo, hafai kabisa. Lakini watu walinunua picha za namna hiyo, wakatundika majumbani, na kuta kuukuu zikawa kitu cha kupendwa.

Kwetu mambo ni kinyume. Pale Kilwa Kisiwani Wareno walijenga ngome mwaka 1505, baadaye Waomani wakaijenga upya, na leo tunaiita Gereza. Iko ufukweni kabisa, na mawimbi yameshabomoa sehemu yake. Magofu ya Kilwa na Songo Mnara yaliingia Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa kwenye orodha ya hatari 2004, yakatolewa 2014 baada ya ukarabati. Sawa, ila bahari haikusaini mkataba wowote. Wataalamu wa mradi wa Zamani, Chuo Kikuu cha Cape Town, wameyapima kwa leza. Kwa hiyo vipimo tunavyo, tena vya Waafrika wenzetu. Lakini ni sebule ngapi Dar zina picha ya Gereza? Twiga na Kilimanjaro utawakuta (siwachukii). Na ukuta usio na wapenzi, wakati wa kugawa bajeti nani ataupigania?

Napendekeza chama kimwagize mchoraji wa kwetu aichore Gereza, tuitundike ofisini. Akihamisha mnara kidogo, shauri yake. Pesa ya DJ wa sherehe moja tu inatosha kuanzia.