Wenye Hisa Nyingi Si Kampuni

Katika maduka ya Base Camp, kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale nchini Uganda, kama ilivyo katika ofisi za wafanyabiashara wa Mbarara, imezoeleka kuaminiwa kwamba mwenye hisa nyingi ndiye kampuni, na kwamba mwenye hisa chache akionewa hana budi kumeza machungu yake au kuuza hisa kwa bei atakayopangiwa. Imani hiyo ni potofu kisheria, na madhara yake ni makubwa, kwa sababu humfanya mnyonge ajinyime kwa mkono wake haki ambayo bunge limekwisha kumpa.

Chimbuko lake linajulikana. Mwaka 1843, katika shauri la Foss dhidi ya Harbottle, mahakama ya Uingereza iliamua kwamba kampuni ikikosewa, anayestahili kushtaki ni kampuni yenyewe, nayo kwa kawaida husema kwa kura za walio wengi. Kanuni hiyo ina busara yake, maana hakuna biashara ingesonga mbele endapo kila aliyeshindwa kwa kura angekimbilia mahakamani. Lakini wanaoishia hapo wamesoma nusu ya sheria. Nusu nyingine imo katika Sheria ya Kampuni ya Uganda ya mwaka 2012, inayomruhusu mwanachama wa kampuni kumlalamikia Msajili wa Kampuni kwamba mambo ya kampuni yanaendeshwa kwa ukandamizaji, au kupeleka ombi mahakamani kwamba masilahi yake yanadhuriwa isivyo haki.

Ukandamizaji si kule kushindwa kwa kura. Ni pale, kwa mfano, watatu waliochanga fedha za kununua mashine ya kusagia mahindi wanapojikuta wawili kati yao wakijilipa mishahara minono ya ukurugenzi hadi pasibaki faida ya kugawana, mikutano haiitishwi, vitabu vya hesabu vimefungiwa, kisha hisa mpya zinagawiwa shemeji na binamu ili fungu la yule wa tatu lizidi kusinyaa. Kila hatua inaweza kuwa na muhtasari na sahihi zake, na bado jumla yake ikawa dhuluma.

Mahakama zimelitambua hilo muda mrefu. Mwaka 1946 ushirika mkubwa wa Scotland, Scottish Co-operative Wholesale Society, uliunda kampuni ya vitambaa vya reyoni pamoja na mabwana Meyer na Lucas, kwa sababu kazi hiyo ilihitaji leseni ambayo haikupatikana bila ujuzi wao. Ushirika ulishika hisa 4,000, wao wakashika 3,900. Masharti ya leseni yalipoondolewa na ujuzi wao ukawa hauhitajiki tena, ushirika uliacha kuipatia kampuni ile malighafi, huku wakurugenzi uliowateua wakinyamaza kimya, mpaka kampuni ikadhoofu na thamani ya hisa ikaporomoka. Mwaka 1958 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliuamuru ununue hisa za wawili hao kwa pauni 3 na shilingi 15 kila moja, ikizingatia thamani ambayo zingekuwa nayo laiti kampuni isingehujumiwa. Hapo ndipo penye uzito: anayeiua kampuni ili anunue hisa za mwenzake kwa bei ya bure haruhusiwi kufaidi mauaji hayo.

Nafuu ya namna hiyo ipo Uganda pia. Inaweza kuamriwa kwamba uendeshaji wa kampuni ubadilishwe, au hisa za aliyeonewa zinunuliwe, na mahakama inaweza hata kuruhusu shauri lifunguliwe kwa jina la kampuni dhidi ya waliofuja mali yake. Kuivunja kampuni, ambako wengi hudhani ndiyo dawa pekee, ni njia ya mwisho.

Wapo wanaodai kwamba hayo ni ya raia tu. Hilo nalo si kweli, kwani Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya biashara na kuanzisha kampuni kwa kufuata sheria za nchi, na ni upuuzi kudai kwamba mtu aliyeruhusiwa kumiliki hisa amekatazwa kuzitetea. Mahakama Kuu inaketi Mbarara, na ofisi ya usajili ipo mjini humo humo.

Hatari ya kweli iko kwingine, na imani hii potofu ndiyo inayoificha. Malalamiko haya ni ya mwanachama, yaani mtu ambaye jina lake limo katika daftari la wanahisa. Mkimbizi aliyetoa fedha zake kwa rafiki mwenye kitambulisho cha taifa, wakakubaliana kwa mdomo kwamba "ni kampuni yetu", ataulizwa kwanza jina lake limeandikwa wapi, na asipoweza kulionyesha itambidi aiombe mahakama isahihishe daftari kabla ya kulalamikia lolote jingine, akitegemea risiti, ujumbe wa simu na mashahidi. Wanaomwambia kwamba hisa chache hazina sauti humwondolea hata sababu ya kuuliza kama zimesajiliwa, wakati ambapo kuuliza huko kungefanyika kwa urahisi siku ile ile ya kutoa fedha.